Wanasiasa wamechukua ulimi wa mtani, wameacha jembe lake

Msiba ukitokea Ihumwa, mtani hakosi. Anafika, anatoa pole kwa wafiwa kama watu wengine, kisha kazi yake inaanza. Anavaa kofia ya marehemu, anachukua fimbo yake, anatembea uani kwa mwendo wake, anakohoa kikohozi chake. Anatangaza mbele ya wazee kwamba marehemu ameondoka na deni lake la mbuzi, na kwamba hazikwi mtu hapa mpaka lilipwe. Makaburini anaweza kushuka shimoni akajilaza, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa ambao macho yamewavimba kwa kulia wanajikuta wanacheka. Halafu mtani huyohuyo anavua kofia, anashika jembe, anafukia, anachota maji, anasugua masufuria, na usiku analala matanga pamoja na wenye msiba.

Makala hii inahusu kampeni za uchaguzi. Nimeanzia msibani kwa sababu huko ndiko watu wa nyanda hizi za kati walikohifadhi utaratibu wao wa kutoleana maneno makali bila kuumizana, na ni utaratibu huohuo ambao wanasiasa wetu huukimbilia kila wanapobanwa kwa walichotamka jukwaani. Ulikuwa utani tu, husema. Nimeusikiliza utetezi huo kwa miaka mingi na sasa nataka kuupima kwa kipimo cha wenye utani wenyewe.

Ihumwa ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa mashariki, kwenye barabara kuu iendayo Morogoro. Si zamani sana ilikuwa nchi ya mashamba ya uwele na mtama na mifugo inayotafuta malisho. Leo jirani yake ni Mji wa Serikali wa Mtumba, reli ya SGR imepita, bandari kavu ipo, na barabara ya mzunguko ya nje ya jiji, yenye urefu wa kilomita 112.3, inapita upande huo. Wizara zilipohamia Dodoma watu walihamia nazo: watumishi, mafundi ujenzi, mama lishe, madereva wa malori, vijana wa bodaboda kutoka kila mkoa. Mgogo mwenyeji sasa ana jirani Mhehe mkono wa kulia, Mnyamwezi mkono wa kushoto, na Mrangi mbele yake.

Matokeo yake ni kwamba utani umepata damu mpya. Mhehe akipita kijiweni asubuhi anamuuliza Mgogo mbona leo hajaenda mjini kuomba. Anajibiwa papo hapo: "Ningeendaje, mtani, nimwachie nani mbwa wangu usije ukamla?" Kijiwe kizima kinacheka, wa kwanza kucheka akiwa Mhehe. Maneno hayohayo yakitamkwa na mtu asiye mtani, kwa sauti nyingine na mahali pengine, hapakaliki.

Asili yake ni ngumu kuliko vicheko vyake. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo. Maji yalikuwa haba, na watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka kuyachota na kupita. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Hapo palizuka ugomvi na palizaliwa urafiki. Kusini, Wagogo na Wahehe walipigana na kuporana ng'ombe. Wazee wanapoulizwa utani ulitoka wapi, husimulia habari kama hizo: tulipigana, tukachoka, tukakubaliana kwamba kuanzia sasa tutapigana kwa mdomo na tutazikana. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyewaandikia Wagogo kitabu kizima kuhusu ng'ombe na ujamaa wao, alichapisha mwaka 1968 uchunguzi wa pekee kuhusu utani wao. Hakuuchukulia kama burudani. Aliuweka ndani ya mfumo wa koo na undugu, mahali ambapo watu wana haki na wajibu.

Na wajibu ndio kiini cha hoja yangu. Mtani anayo ruhusa ya kukuambia lolote, lakini ameilipia. Kwanza anakujua, na wewe unamjua. Anakuambia ukiwepo, na ana hakika kwamba utamjibu, tena pengine utamshinda mbele ya watu. Siku ukipata shida anakuja bila kuitwa. Hata lile la ombaomba, ambalo Mgogo huvumilia kulisikia kila siku ya Mungu, lina kidonda chini yake. Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ulikumbwa na njaa ambayo wenyewe waliiita Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, mifugo na wanaume kwa ajili ya vita, mvua ikakataa, na watu wanaokadiriwa kufikia 30,000 walikufa. Mtani wa kweli analijua hilo. Ndiyo maana anatania mwaka wa mavuno, na mwaka wa njaa anakuja na debe la mahindi.

Sasa tulete jukwaa la kampeni.

Wakati wa uchaguzi gari la matangazo hupita barabara ya Morogoro na spika zake, bendera zimefungwa kwenye bodaboda, na jioni mkutano unafanyika kwenye uwanja wa wazi. Msanii anatangulia kuchangamsha, kisha mhamasishaji, kisha viongozi, na mwisho mgombea. Zamu ya kumwaga sera ikifika mara nyingi sera hazipo, kwa hiyo humwagwa vitu vingine. Umati unapiga kelele na kumchochea msemaji: "Mpe, mpe huyo!" Anayepewa hayupo. Yuko kata nyingine, au nyumbani, na watoto wake wanasikia jina la baba yao kwenye spika za pande nne.

Mfano wa karibu zaidi kwa watu wa Dodoma ni wa Livingstone Lusinde. Mwaka 2010 Lusinde, kijana kwa vipimo vya siasa, alimbwaga Mzee John Malecela, waziri mkuu wa zamani, katika kura za maoni za CCM jimbo la Mtera. Malecela alikuwa akiitwa Tingatinga, na Lusinde akajulikana kama Kibajaji. Huo ulikuwa utani mtamu, chombo kidogo cha matairi matatu kimepita mtambo mzito, na sidhani kama kuna mtu aliudhika mpaka akakosa usingizi. Lakini miaka miwili baadaye, katika uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki, Lusinde huyohuyo alipanda jukwaani kuwashambulia viongozi wa CHADEMA kwa matusi ya nguoni ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Video yake ilisambaa nchi nzima. Tarehe 1 Aprili 2012 wapiga kura wa Arumeru walimchagua Joshua Nassari wa CHADEMA. Siwezi kusema walimchagua kwa sababu ya matusi yale. Ninachoweza kusema ni kwamba hayakumsaidia mgombea wa CCM, na kwamba kipaji kilekile kilichozaa Kibajaji kilikuwa kimegeuka kuwa kitu cha kufunika masikio ya mtoto.

Mwaka 2015 tuliona makubwa zaidi, na kutoka kwa watu wakubwa zaidi. Tarehe 23 Agosti, viwanja vya Jangwani, CCM ilipozindua kampeni, Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliwaita wapinzani waliojinadi kuwa wakombozi "wapumbavu" na "malofa". Mkapa alikuwa msomi, mwandishi wa habari, mwanadiplomasia, mtu wa maneno yaliyopimwa. Kwa hiyo maneno yale yaliuma kuliko kama yangetoka kwa mhamasishaji wa mtaani. Lofa ni mtu asiye na kazi, asiye na mbele wala nyuma. Kumwita hivyo kijana ambaye ametafuta kazi miaka mitano bila kupata si kumshambulia Edward Lowassa, mgombea urais wa upinzani, wala Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA. Ni kumcheka kijana kwa shida ambayo waliokaa jukwaani walikuwa na wajibu wa kuitatua.

Mwaka huohuo mwili wa mgombea ukawa mada. Afya ya Lowassa ilisemwa kwa mafumbo na waziwazi, na mgombea wa CCM, John Magufuli, akapiga pushapu jukwaani kuonyesha ukakamavu wake. Watu walicheka, na kwa kweli ile pushapu ilikuwa ya kuchekesha. Lakini nilijiuliza wanacheka nini wagonjwa wa kisukari, wenye kiharusi, wazee wanaotetemeka mikono, waliosimama kwenye umati ule. Lowassa alifariki Februari 2024 na akazikwa Monduli kwa heshima za taifa, na sifa zake zikasomwa hata na watu wa upande uliomcheka. Magufuli alikuwa ametangulia tangu Machi 2021, akiwa madarakani.

Tusidhani upinzani ulikuwa na mikono safi. Mwaka 2011 CCM ilipotangaza hapa Dodoma kwamba inajivua gamba, wapinzani waliwabandika wana-CCM jina la magamba, na hilo nalihesabu kuwa kijembe halali: chama kilijipa mfano, kikapigwa kwa mfano wake. Lakini hawakuishia hapo. Kwa miaka mingi wapiga kura wa mikoa kama Dodoma, ngome ya CCM, wamesemwa kuwa wananunuliwa kwa kofia, fulana na kilo ya chumvi, na kwamba mtaji wa chama tawala ni ujinga wao. Mama wa Ihumwa anayeifunga khanga ya kampeni kwa sababu khanga yake nyingine imechanika anaitwa mjinga na mtu anayemwomba kura. Na huyu anayemwita hivyo hakuja siku mama alipofiwa.

Kisha wakaja wanyama. Wafuasi wa CHADEMA wakaitwa nyumbu, wa CCM wakaitwa mafisiem, na siku hizi anayeisifia serikali anaitwa chawa, wapo hata wanaojiita hivyo wenyewe kwa fahari. Pembeni yake kuna majina mazito zaidi: msaliti, kibaraka wa mabeberu. Haya ya mwisho hayana kicheko ndani yake, ingawa hutamkwa katikati ya vichekesho na kupokewa na umati uliokwisha kuchangamka. Dodoma ni mji ambao Tundu Lissu, wakati huo mbunge wa CHADEMA, alipigwa risasi mchana kweupe, Area D, tarehe 7 Septemba 2017. Mtu anayesimama jukwaani katika mji huo na kumwita mpinzani wake msaliti wa nchi anapaswa kukumbuka kwamba wasikilizaji wake si wote wanaojua kutofautisha tamko na agizo.

Wanawake wanapata sehemu yao, na sehemu hiyo ni chafu kuliko zote. Mwanaume anayegombea anasemwa kwa wizi, uvivu au elimu yake. Mwanamke anasemwa kwa ndoa yake, kwa sura yake, kwa aliyelala naye. Mei 2016, ndani ya ukumbi wa Bunge Dodoma, mbunge mmoja wa CCM alidai kwamba wanawake wa upinzani hupata ubunge wa viti maalumu kwa kuwa "baby" wa wakubwa, na wabunge wanawake wa upinzani wakatoka nje. Kama hayo yanasemwa bungeni, mbele ya kiti cha Spika na waandishi wa Hansard, msomaji afikirie yanayosemwa kwenye mkutano wa kata saa kumi na moja jioni. Nawajua wanawake wenye akili na moyo wa kuongoza ambao hawatachukua fomu maisha yao yote, na sababu wanayoitoa ni moja: hawataki watoto wao wasikie.

Utetezi wa utani ulipata mfano wake maarufu Julai 2024. Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari, alizungumza Bukoba akieleza kwamba ushindi hautegemei sanduku la kura peke yake, bali nani anahesabu na nani anatangaza. Nchi ilipochemka aliomba radhi na kusema alikuwa anatania. Ni mtu huyohuyo ambaye katika kampeni za 2015 maneno ya kushinda hata kwa bao la mkono yaliambatana na jina lake. Tarehe 21 Julai 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alitengua uteuzi wake. Na isidhaniwe kuwa huu ni ugonjwa wetu peke yetu. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Oktoba, kwenye mkutano wa kampeni wa Donald Trump katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, mchekeshaji Tony Hinchcliffe aliifananisha Puerto Rico na kisiwa cha takataka kinachoelea. Waliomwalika wakasema mzaha ule haukuwa msimamo wa mgombea. Huko na huku kanuni ni ileile: sema, angalia upepo, ukivuma vibaya sema ulikuwa unatania.

Mtani wa Ihumwa hana njia hiyo ya kutokea. Kwake utani haujawahi kuwa kisingizio cha baadaye. Ni uhusiano uliokuwepo kabla hajafungua mdomo. Nani alimfanya Nape kuwa mtani wa mpiga kura? Mpiga kura angemjibu wapi?

Hilo la kujibu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu nchi yetu imewaadhibu wanaojibu. Februari 2018 Joseph Mbilinyi, maarufu kama Sugu, wakati huo mbunge wa Mbeya Mjini, alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa kumfedhehesha Rais kwenye mkutano wa hadhara. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaza video akicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli akiwa amevaa suti iliyompwaya, na mashtaka yaliyofuata yakahusu laini ya simu. Hakutukana. Alicheka. Oktoba 2020, katikati ya kampeni, kamati ya maadili ya Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilimsimamisha Lissu kufanya kampeni kwa siku saba kwa kauli zake. Mkapa hakuadhibiwa kwa malofa. Kuanzia katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa, mpaka Rais Samia alipoiruhusu tena Januari 2023. Kwa miaka sita na nusu upande mmoja ulikuwa na majukwaa ya kiserikali ya kila siku, na upande wa pili haukuwa na hata kiti cha kusimamia.

Ukiwa na polisi nyuma yako na aliyetaniwa hana ruhusa ya kufungua mdomo, huko si kutania. Huko ni kumpiga mtu aliyefungwa mikono.

Kampeni za mwaka 2025 zilionyesha hali hiyo ikiwa imefika mwisho wake. Kanuni za Maadili ya Uchaguzi zilisainiwa hapa Dodoma tarehe 12 Aprili 2025. Kwenye karatasi ni kanuni nzuri: zinakataza lugha za matusi, kejeli, kashfa na ubaguzi, na zinaweka kamati za maadili kuanzia kata hadi taifa. CHADEMA, ikidai mabadiliko kabla ya uchaguzi na mwenyekiti wake Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, haikusaini, na Mkurugenzi wa Uchaguzi akatangaza kwamba haitashiriki uchaguzi. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, aliondolewa kwenye orodha. Kampeni zikaanza 28 Agosti na kwenda hadi 28 Oktoba, magari ya matangazo yakazunguka, wasanii wakachangamsha, na wale waliokuwa wakisemwa hawakuwa na mahali pa kusemea.

Yaliyofuata tunayajua. Tarehe 29 Oktoba yalizuka maandamano Dar es Salaam na miji mingine, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, watu wakapoteza maisha. Tume ilimtangaza Rais Samia mshindi kwa asilimia 97.66, akaapishwa Dodoma 3 Novemba, na baadaye akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Sisemi kejeli za jukwaani ndizo zilizoleta maafa yale. Sababu zake ni nzito na nyingi. Nasema vijana waliokuwa wameitwa kila jina kwa miaka kumi, na kila walipojibu wakaambiwa wanachochea, hawakuwa tena na sababu ya kuamini kwamba maneno yanafaa kitu.

Wenzetu wa Zanzibar na majirani zetu waliona kabla yetu maneno ya jukwaani yanavyoweza kuishia pabaya. Zanzibar ya 1957 hadi 1963, ambayo wazee huita Zama za Siasa, ilianza na vijembe vya magazetini na mikutanoni: nani mgeni, nani mtumwa, nani hana asili. Watu wakaacha kununua kwenye maduka ya wenzao, wakaacha kuhudhuria harusi, kisha wakaacha kuzikana. Juni 1961, siku za uchaguzi, watu 68 waliuawa. Na baada ya uchaguzi wa 1995 kule Pemba hali ilirudi, mfuasi wa CUF na wa CCM hawapandi gari moja wala hawaendi msiba mmoja, mpaka maridhiano yaliyozaa Serikali ya Umoja wa Kitaifa mwaka 2010. Nchini Kenya neno madoadoa, ambalo ukilisikia bila kujua habari zake utadhani linahusu kitambaa, lilitumika kuwataja watu wa makabila mengine wanaotakiwa kuondolewa. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Ndiyo sababu Januari 2022 Seneta Mithika Linturi alipolitamka neno hilo jukwaani Eldoret alikamatwa mara moja, pamoja na kuomba radhi. Rwanda hatuna haja ya kuirefusha: redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993, ilipendwa kwanza kwa muziki na mizaha yake, na ni hiyohiyo iliyowaita Watutsi mende.

Sitaki kampeni zisizo na kicheko. Kampeni ya namna hiyo ni hotuba ya bajeti iliyosomwa juani. Mzee Hashim Rungwe wa CHAUMMA alizunguka nchi akiahidi ubwabwa, akaitwa Mzee wa Ubwabwa, na nchi nzima ikacheka pamoja naye. John Cheyo wa UDP aliitwa Bwana Mapesa kwa ahadi yake ya kuwajaza watu fedha, na hakuna aliyeumia. Hata kijembe kikali kina nafasi yake. Mgombea aliyekaa bungeni miaka mitano bila kuuliza swali moja la maji ya Ihumwa anastahili kuchekwa mpaka jasho limtoke, kwa sababu hilo ni tendo lake na anaweza kulijibu. Asiyestahili kuchekwa ni mgonjwa kwa ugonjwa wake, mwanamke kwa uanamke wake, kabila kwa njaa yake, na mpiga kura kwa umaskini wake.

Kwa upande wa dawa, kamati za maadili sizitegemei sana. Kamati ya kata inakaa chini ya msimamizi msaidizi ambaye ni mtumishi wa serikali, na mtumishi wa serikali anajua mshahara wake unatoka wapi. Natazama badala yake jambo ambalo nchi hii ililifanya zamani na likasahaulika. Septemba 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa mfumo wa chama kimoja, TANU iliweka wagombea wawili kwenye majimbo mengi. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Waliamriwa kuzunguka pamoja, kuhutubia mkutano mmoja, kwa Kiswahili, na walikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Walitaniana, tena sana, na alama zile ziliwapa maneno ya kutosha: jembe linalisha, nyumba inastiri. Lakini kila mmoja alisema mwenzake akiwa ameketi hapo hapo. Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Mawaziri walianguka, akiwemo Paul Bomani. Derek Bryceson, Mzungu, alishinda, na Amir Jamal, mwenye asili ya Asia, alishinda Morogoro, kwa kura za Waafrika ambao wangeweza kuchochewa kwa urahisi sana.

Mfumo ule ulikuwa na kasoro kubwa, kwani TANU yenyewe ndiyo iliyoamua nani awe mgombea, na siutamani urudi. Nautamani mkutano wake wa pamoja. Uchaguzi wa serikali za mitaa uliopita ulifanyika 27 Novemba 2024, kwa hiyo ujao ni 2029. Mwenyekiti wa mtaa hahitaji helikopta wala msanii kutoka Dar es Salaam. Wanaogombea mtaa mmoja wa Ihumwa wanajuana, wanachota maji bomba moja, watoto wao wako darasa moja. Ofisi ya mtendaji wa kata inaweza kupanga mikutano mitatu au minne, spika moja iliyokodiwa na halmashauri, benchi moja mbele ya wananchi, na dakika zilizo sawa. Aliyemwita mwenzake fisi jana jioni asimame, arudie neno lake huku mwenzake anamtazama, na dakika zake zikiisha amkabidhi kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe.